Sisimizi kaingia Laikipia, simba kabadilisha kitoweo (uzi wa ikolojia, leteni na za kwenu)

Nyikani

Wakuu, salaam. Wote tuliopita shule ya msingi tulichorewa ubaoni nyasi, mshale, swala, mshale, simba, tukaambiwa huo ndio mnyororo wa chakula, kengele ikagonga tukaenda kucheza mpira. Sina ugomvi na ule mchoro ila una kasoro moja kubwa, unakufanya uamini mnyama anahusika na anayemla na anayeliwa naye basi, wengine wote wapita njia. Leo nawaletea kesi ya Laikipia kule Kenya, kuna kiumbe asiyemla simba wala kuliwa na simba, na hajui hata kama simba yupo duniani, amemfanya simba apunguze pundamilia ahamie kwenye nyati. Kiumbe mwenyewe ni sisimizi. Utafiti ulitoka Januari 2024 kwenye jarida la Science, aliyeuongoza ni Mkenya, Douglas Kamaru, na kazi ilifanyika Ol Pejeta, ile hifadhi ya karibu na Nanyuki.

Tuanze na mti maana bila mti hamtanielewa. Tambarare za Laikipia zina ule udongo mweusi wa mfinyanzi, mvua ikinyesha gari linazama, kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Kwenye udongo ule mti unaotawala ni mgunga mmoja mfupi wa miiba, sehemu nyingine kati ya miti 100 utakuta zaidi ya 70 ni huo huo, na kuna sehemu inafika 99. Baadhi ya miiba yake imevimba pale chini ikawa nundu ngumu nyeusi, ndani tupu, na sisimizi wametoboa vitundu vya kupitia, upepo ukivuma unasikia mti unapiga mluzi kabisa. Sisimizi ndio wapangaji. Mti unawapa nyumba, halafu kwenye vikonyo vya majani unawatolea nekta tamu, kodi wanayolipa ni ulinzi. Gusa tawi uone, kufumba na kufumbua wameshatoka kwenye kila kitundu wameinua matumbo juu ya vichwa, wanatoa harufu ya kuitana na wanatafuta ngozi laini ilipo.

Sasa kuanzia miaka ya 2000 mwanzoni hivi akaingia Laikipia sisimizi mgeni, mdogo wa kahawia, ila askari wake wana vichwa vikubwa hata havilingani na mwili. Inaaminika kwao ni visiwa vya bahari ya Hindi, na ameenea nchi za joto dunia nzima kwa lifti ya binadamu, kwenye udongo wa miche, mbao, mizigo. Huyu haishi kwenye nundu, anaishi ardhini. Wakifika kwenye mti wanapanda, wanaua wenyeji, wanakula mayai na watoto wao, kisha biashara imeisha, mti unabaki na nundu tupu na mgeni hana mpango wa kuulinda.

Tembo akapata habari. Kwenye maeneo yaliyovamiwa tembo wanakula na kuvunja hiyo migunga mara 5 mpaka 7 zaidi ya kule ambako wenyeji bado wapo. Vichaka vikaisha, macho yakaanza kuona mbali. Na simba jamani sio mtu wa mbio ndefu, simba ni wa kunyata, akikosa kificho pundamilia anamuona mapema anasepa. Watafiti waliwafunga simba kola za GPS wakafuatilia mizoga, wakalinganisha maeneo yaliyovamiwa na ambayo bado, wakakuta pundamilia kuuawa kule ambako sisimizi mgeni hajafika ni karibu mara 3 ya kule alikofika. Mwaka 2003 pundamilia walikuwa asilimia 67 ya windo la simba pale, mwaka 2020 wamebaki asilimia 42, na nyati ambao 2003 walikuwa sifuri 2020 wakawa asilimia 42.

Ninachosema mimi ni hiki, ukitaka kujua nani anamuathiri nani porini usiishie kwenye nani anamla nani, tafuta mtu wa tatu. Wenye mifano ya huko mliko wekeni hapa tujifunze.

Kitasa

Daaah yaani mnyama wa tani tano anamkimbia sisimizi? Hizi ndio zile stori za tembo kuogopa panya. Naomba ufafanuzi mkuu

Nyikani

Mkuu Kitasa hii sio ya panya. Fikiria tembo anakulaje, anapeleka mkonga kwenye tawi, analizungushia, analivuta. Mkonga ni pua, ndani ni nyama laini yenye mishipa ya fahamu kibao, na wale sisimizi wanaingia humo humo wanang'ata wanang'ang'ania. Twiga yeye anatumia ulimi na midomo, anawafuta, kwa hiyo hajali sana.

Na walijaribu. Watafiti wawili, Jacob Goheen na Todd Palmer, mwaka 2010 walitoa matokeo ya jaribio ambalo tembo vijana walipewa matawi, huu mgunga wa nundu na mti mwingine ambao kwa kawaida tembo anaupenda na hauna sisimizi. Wakautoa mgunga sisimizi wake, tembo wakaula bila shida yoyote. Wakaweka sisimizi kwenye ule mti wanaoupenda, wakaukwepa. Yaani mti haukuwa mchungu wala nini, kilichokuwa kinamzuia tembo ni walinzi tu.

Kichwa Ngumu

Sasa mbona mnamlaumu sisimizi wakati anayevunja miti ni tembo. Punguzeni tembo mti upone, simba apate kichaka chake, kesi imeisha. Na hao simba kwani wamekufa? Si wanakula nyati, nyati ana nyama nyingi kuliko punda. Mimi sioni tatizo hapo naona watu wametafuta pesa za utafiti

Nyikani

Kichwa Ngumu bora umeuliza maana wengi wanawaza hivyo ila wananyamaza.

La simba kwanza. Ni kweli idadi ya simba haijashuka, utafiti wenyewe umesema hivyo. Ila nyati sio pundamilia mkubwa, ni mnyama anayerudi kukutafuta. Kumwangusha kunataka simba wengi zaidi, muda zaidi, na anajeruhi. Kwa hiyo mlo upo ila bei yake imepanda. Na nyati naye ana watu wake wanaomtegemea, kwa hiyo ukibonyeza hapa pana kitu kinainuka kule.

La kuondoa tembo, hili lilishajaribiwa hapo hapo Laikipia, kituo cha utafiti cha Mpala. Mwaka 1995 walizungushia viwanja uzio wa aina tofauti tofauti, kimoja tembo na twiga hawaingii, kingine hakuna mnyama mkubwa anayeingia kabisa, kingine wazi, na uzio upo mpaka leo. Baada ya kama miaka 10 wakaenda kuangalia migunga ile ile ndani ya uzio ambako hakuna wa kuila. Akili ya kawaida inasema itakuwa imenawiri si ndio? Wapi. Mti ulipoona hakuna adui ukapunguza nundu, ukapunguza na nekta, kwanini uendelee kulipa walinzi wakati mwizi hayupo. Wale sisimizi wakali wakaanza kudhoofika, wakanyang'anywa miti na aina nyingine ya sisimizi ambayo haikai kwenye nundu, inakaa kwenye mashimo yanayochimbwa na mende wanaotoboa shina. Na huyo mpangaji mpya hawafukuzi mende, anawahitaji maana wao ndio wanamtobolea nyumba. Matokeo yake miti isiyoliwa na mtu ikawa inakua polepole na kufa zaidi kuliko ile inayoliwa na tembo na twiga kila siku. Utafiti huo ulitoka 2008.

Kwa hiyo tembo akiwepo ni adui wa mti, na akiondoka mti unaharibikiwa. Sasa wewe niambie utamuandika upande gani wa daftari.

Kichwa Ngumu

Hapo kwenye mende umenikamata. Ila pesa za utafiti bado nasimamia hoja yangu

Mkwezi Mstaafu

Wanangu hamjambo. Mimi mtu wa Pangani, nimekwea minazi tangu kijana na sasa magoti yamegoma, nimeona habari za sisimizi nikasema niweke na mimi mkono.

Huku tuna majimoto. Asiyewajua ni wale sisimizi wekundu wanaoshona majani wanafanya kiota juu mtini, wanachukua watoto wao wanawashika mdomoni wanawapitisha huku na huku kama sindano na uzi unatoka kwa mtoto, nimekaa nimeangalia kwa macho yangu haya. Mkwezi anawachukia majimoto kuliko kitu chochote, uko juu futi 40 umekumbatia mnazi mikono miwili haina nafasi halafu wanakumwagikia shingoni, ndio maana wakaitwa hivyo. Tulikuwa tukiona kiota tunachoma moto.

Bwana shamba akaja akatwambia acheni. Kuna mdudu mmoja wa kahawia jamii ya kunguni anafyonza vidaka, zile nazi changa, kidaka kikishafyonzwa kinadondoka, au kikikaa kinatoa nazi ndogo yenye makovu, utomvu umeganda juu. Majimoto wakiwepo kwenye mnazi huyo mdudu hakai. Na ni kweli, mnazi wenye majimoto unauona kwa chini hakuna vidaka vimetapakaa. Kwa hiyo mwenye shamba anamtaka majimoto na mkwezi hamtaki, hapo pana ugomvi wa siku zote mpaka leo, mie nilikuwa natoza bei ya juu kwa mnazi wa majimoto na wananilipa.

Sasa swali langu kwako Nyikani. Huku chini ya minazi kuna visisimizi vya kahawia vidogo, vingi mno, vina wenzao wana vichwa vikubwa, vikiota chini ya mnazi majimoto hawashuki tena, wanapigana wanauana, na mwisho majimoto wanahama mti. Ndio hao hao wa Laikipia au jina limefanana tu?

Nyikani

Shikamoo mzee wangu. Hii comment imenifanya nisimame kwenye kiti.

Ndio hao hao. Jina la kitaalamu Pheidole megacephala, huko pwani na Zanzibar wanajulikana kwa wataalamu wa minazi muda mrefu sana, tangu miaka ya 1950 kuna tafiti Zanzibar zinazosema hayo hayo uliyoyaona wewe, kwamba majimoto wanalinda nazi dhidi ya huyo mfyonzaji na hawa wa kichwa kikubwa ndio wanaowafukuza majimoto. Mradi wa taifa wa minazi nao ulilifanyia kazi sana hili. Yaani sisimizi mmoja, pwani anadondosha vidaka ambavyo hajawahi kuvigusa, bara anampokonya simba pundamilia. Na kote amefanya jambo moja tu, ameua mlinzi.

Kwa wanafunzi waliomo humu, hapo mna mahusiano matatu kwenye mti mmoja. Majimoto na mnazi wanafaidiana. Mfyonzaji na kidaka, mmoja anapata mwingine anaumia. Majimoto na vichwa vikubwa wanagombea, na ugomvi wao wote wawili unawagharimu. Mkwezi mtajua wenyewe mumuweke wapi.

dada_wa_fomfo

Shikamooni wakubwa. Mimi nina mtihani na tumeambiwa kuna uhusiano ambao mmoja anafaidika mwingine hapati wala hakosi, mfano ni yangeyange na ng'ombe, na ule wa wote kufaidika mfano ni yule ndege anayekula kupe mgongoni. Hiyo ni sahihi au na yenyewe ina mtu wa tatu

Nyikani

Marahaba mdogo wangu. Kwenye mtihani andika hivyo hivyo upate maksi zako, mengine haya ni ya baada ya mtihani.

Yangeyange sawa. Ng'ombe akitembea panzi wanaruka, ndege anadaka, ng'ombe hana habari.

Shashi, yule wa kupe, ndio mtata. Anakula kupe kweli, hasa wale waliojaa damu, kwa sababu anachotaka yeye ni damu. Na kidonda kina damu pia. Zimbabwe kuna mtafiti, Paul Weeks, aliwazuia shashi wasitue kwenye kundi la ng'ombe kisha akalinganisha na wanaotuliwa, kupe hawakutofautiana kwa maana yoyote, ila vidonda vya wale wanaotuliwa na shashi vilikuwa vinachelewa kupona kwa sababu ndege anavidonoa. Hiyo ilitoka mwaka 2000. Hapo shashi ni mnyonyaji kama kupe tu. Halafu nenda Afrika Kusini kwa faru weusi, utafiti wa 2020 umekuta faru aliyebeba shashi anashtuka mtu anapomnyemelea kwa upepo usiompelekea harufu mara nyingi zaidi kuliko asiye nao, maana faru haoni mbali na ndege akiona mtu anapiga kelele. Sasa kwa faru anayewindwa, kudonolewa kidonda ni gharama ndogo ya kulipa.

Ndege yule yule, mmoja anamuumiza na mwingine anamuokoa, inategemea yupo mgongoni kwa nani na nchi hiyo ina nini. Ndio maana mimi zile jedwali za nani anapata nani anakosa, jumlisha jumlisha, jumlisha toa, jumlisha sifuri, naziheshimu ila siziamini sana.

Sauti ya Ziwa

Mmeongea ya nyika na pwani ngoja na sisi wa Kanda ya Ziwa tuseme, maana kesi yetu hata ulaya wanaisoma vyuoni.

Wazee wetu Mwanza na Musoma walikula furu. Furu ni visamaki vidogo, vina rangi, miba mingi, vilikuwa jamii zaidi ya 500 ziwa zima na kila jamii ina kazi yake, kuna wanaokula mwani, wanaovunja konokono, wanaokula uozo wa chini, wanaokula watoto wa samaki wengine, mpaka wanaong'oa magamba ya wenzao. Halafu miaka ya 1950 mpaka mwanzoni mwa 60 wakoloni wakaleta sangara, wakamtia ziwani kwa hoja kwamba furu ni takataka, bora wageuzwe nyama ya samaki mkubwa anayeuzika. Sangara akakaa kimya miaka mingi ukadhani hayupo, miaka ya 80 akalipuka. Furu kama jamii 200 hivi zikapotea.

Watu wanaishia hapo, sangara kala furu kwisha. Sasa huyo mtu wa tatu wa Nyikani ndio anaanzia hapa. Furu waliokuwa wanakula mwani na uozo wamekwenda, na wakati huo huo mbolea na uchafu wa mashamba na miji vinamiminika ziwani, mwani ukashamiri, maji yakawa ya kijani, chini hewa ikapungua. Na furu jike anachagua dume kwa rangi, wa bluu kwa wa bluu, wa njano na mwekundu vivyo hivyo, maji yakichafuka rangi haionekani, jike anazaa na dume wa jamii nyingine, mistari iliyotenganisha jamii inafutika bila mtu kuliwa. Kuna furu wamepotea kwa kuolewa vibaya jamani.

Halafu njoo nchi kavu. Furu unamwanika juani, jua ni bure. Sangara ana mafuta huwezi kumwanika, anataka kubanikwa au kukaangwa, na moshi unataka kuni. Miti ya visiwani na pembezoni mwa ziwa ikaanza kuondoka. Mti wa Ukerewe uwe umeliwa na samaki, nani alichora mshale huo ubaoni.

Dagaa yeye aliongezeka, maana walaji wenzake wa vijidudu vya majini walipungua. Na sangara furu walipokwisha akahamia kwa dagaa, uduvi na watoto wake mwenyewe, tukipasua tumbo tunawakuta.

Kitasa

Na minofu ikaenda Ulaya sisi tukabaki na mapanki, yale mabaki ya mifupa 😂

Sauti ya Ziwa

Ndio hapo sasa. Ila nisiwe mchoyo wa ukweli, viwanda na ndege za minofu vimesomesha watu huku, mimi mmojawapo. Na sangara alipoanza kuvuliwa sana kuanzia miaka ya 90 kuna furu wamerudi, sio wote na sio wale wale kabisa, wengine midomo na maumbo yamebadilika kwa chakula kipya. Kwa hiyo mvuvi naye ni mlaji kwenye huo mtandao wenu, kamla anayewala furu.

Nyumbu Dume

Niongeze ya Serengeti maana hapa kuna jaribio ambalo hakuna mtu alilipanga.

Sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe, uliingia pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, mpaka 1891 umeshamaliza ng'ombe wa Wamasai karibu wote na njaa iliyofuata ikaua watu wengi mno. Ng'ombe, nyumbu na nyati wote wanacheua na wote unawapata. Ukakaa miongo, ndama wa nyumbu wakawa wanakufa kila mwaka kabla hawajakomaa. Miaka ya 1950 na 60 ng'ombe wa kuzunguka Serengeti wakachanjwa, Walter Plowright na wenzake walikuwa wameitengeneza chanjo bora zaidi pale Muguga Kenya. Angalia vizuri, aliyechanjwa ni ng'ombe. Nyumbu hakuna aliyemgusa na sindano. Ila sotoka ilipokosa ng'ombe wa kukaa ikaisha hata kwa nyumbu, wakatoka kama laki mbili na nusu hivi mwaka 1961 wakafika milioni 1.3 mwishoni mwa miaka ya 70.

Utajuaje kwamba ni sotoka na sio mvua tu? Muangalie pundamilia. Anakula nyasi hizo hizo, analiwa na simba hao hao, ila hacheui na sotoka haimpati. Idadi yake ilibaki pale pale kama laki mbili wakati nyumbu wanapanda.

Sasa nyumbu milioni wanakula nyasi vibaya sana. Nyasi zikipungua moto unakosa cha kuchoma, na Serengeti zamani ilikuwa inaungua sehemu kubwa kila mwaka. Moto ulipopungua miche ya miti ikapata kuchomoza na kukua, miti ikaongezeka sehemu nyingi za hifadhi. Sindano ya ng'ombe wa kijijini ikaotesha miti hifadhini. Na ukiwaza kwamba 2011 ugonjwa wenyewe ulitangazwa umefutika duniani, sasa kila kitu unachokiona Serengeti kwenye picha za watalii kimekaa juu ya chanjo.

dada_wa_fomfo

Mbona sisi tunaambiwa wanyama wala nyasi wengi wanaharibu mazingira?

Nyumbu Dume

Wengi na wamekaa sehemu moja, ndio. Nyumbu hakai, akishamaliza anasogea na mvua, nyasi zinapumzika. Na hata wakifa wanafanya kazi. Mto Mara peke yake wanazama wastani wa nyumbu 6,250 kwa mwaka, tani 1,100 za nyama, watalii wote macho kwa mamba kumbe mamba anakula kama asilimia 2 tu. Tai wanachukua zaidi yake. Nyama laini inaoza ndani ya wiki chache inalisha samaki na wadudu, mifupa ndio inachukua miaka kama 7, inaachia fosforasi kidogo kidogo. Kuna kipindi karibu nusu ya chakula cha samaki wa mto ule kinatokana na mizoga hiyo. Wavunjaji, bakteria, kuvu na funza, ndio wafanyakazi wakubwa kuliko simba ila hawapigwi picha.

Mtu wa Nanyuki

Nimefika late kwa hii thread but mimi ndio niko ground. Hao vichwa vikubwa tuko nao hapa kwa manyumba, kwa jikoni, kwa maua. Ukitaka kujua mti umevamiwa si lazima uwe profesa, shika tawi utikise, kama wenyeji wako utajuta, kama hakuna kitu inatoka na chini kwa udongo kuna njia za kahawia zimejaa basi huo mti ni wa kungojea ndovu. Wanasonga pole pole kwa miguu, makumi ya mita hivi kwa mwaka, wenye wanawapeleka haraka ni sisi na miche za maua na lori za mchanga. Swali yangu ni moja, kuna dawa?

Nyikani

Karibu ndugu yetu. Dawa ipo, na kuna sehemu wamewafuta kabisa. Hifadhi ya Kakadu Australia waliwamaliza kwa chambo chenye sumu ya polepole, mfanyakazi anabeba anapeleka kwa malkia, ila lilikuwa eneo la hekta kama 30 tu. Kisiwa cha Lord Howe, huko huko Australia, nao wamewaondoa, na ni kisiwa, mgeni mpya lazima apite bandarini au uwanja wa ndege.

Laikipia ni kubwa kupita hapo na haina bahari ya kuizunguka. Tatizo jingine chambo hakina macho, sisimizi mwenyeji akikipata anakufa vile vile, kwa hiyo huwezi kumwaga tu kwenye ukingo wa uvamizi ambako hao wawili wanakutana mti kwa mti. Kinachowezekana ni kumwaga katikati ya eneo lililokwishavamiwa, ambako mwenyeji hayupo tena, kisha kusogea nje taratibu.

Mtu wa Nanyuki

So lodge zenye ziko ndani ya hifadhi?

Nyikani

Hapo ndio ningeanza mimi. Kila mche wa maua unaoingia getini utolewe kwenye kopo, mizizi ioshwe, udongo ubaki nje. Lori la mchanga na mbao likaguliwe kabla halijapita. Ni kazi ya ndoo moja ya maji na mtu mmoja mwenye subira, gharama yake huwezi kuilinganisha na chambo cha heka elfu.

Mkwezi Mstaafu

Na sisi wa minazi je, tumwage hicho chambo?

Nyikani

Mzee wangu chambo usimwage kabla hujamuuliza bwana shamba. Wataalamu wa minazi wamekuwa wakishauri kuchanganya miti mingine kwenye shamba, michungwa kwa mfano, maana jani la mchungwa linashoneka vizuri kuliko la mnazi na majimoto wanapata pa kuweka viota vingi, wakiwa wengi wanawamudu hao wa chini. Na mkwezi alipwe ile bei yako ya zamani.